Kasha la Simu la Baba

Binti wa marehemu kaka yangu anakaa kwetu tangu apate kazi hapa mjini, na ndiye aliyetufungia intaneti ya nyumbani. Wiki ya kwanza tu alitaka kuificha ruta. Alisema nyaya zake zinaharibu sebule, akaipeleka hadi kwenye kabati la chuma ninalowekea mafaili yangu, akaisukuma ndani na kufunga mlango. Nilimfokea. Nilimfokea hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini. Nikajirekebisha, nikaeleza kwa sauti ya kistaarabu kwamba chuma kinameza mawimbi na vyumbani hatutapata kitu. Binti akacheka. Akasema, "Baba mdogo, na wewe na babu, nyie na makasha."

Sikucheka. Ile harufu ilikuwa imeshanifikia, ya bati, sukari iliyoganda na mende. Nimeishi na harufu hiyo zaidi ya miaka ishirini, na mtu anayenikumbusha ni huyuhuyu ambaye wakati ule alikuwa na umri wa siku tisa.

Nyumba yetu ilikuwa Kyela, upande wa barabara ya kwenda Ipinda, jirani na mashine ya kukoboa mpunga, na kwa sababu ya mashine hiyo umeme ulitufikia kabla ya wengine. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi soko huria lilipoingia na unga wake ukamwagika. Wanunuzi binafsi wakavamia kakao yetu kutoka kila upande. Baba alikuwa akiwaita walanguzi siku zote alizokuwa na mshahara. Mshahara ulipokata, akawa mtu wao, akiwakusanyia kakao kwa wakulima na kuwasifia kanisani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilimtazama akigeuka hivyo kwa dharau ambayo vijana tu ndio wanayo.

Mnunuzi mmoja alimletea simu ili ampate kwa urahisi. Haikuwa ya mkononi. Ilikuwa simu ya mezani, kubwa, ya rangi ya maziwa yaliyolala, yenye mkonga uliofungwa kwa waya wa kujisokota, ila haikuhitaji waya wa nguzo. Ilikuwa na antena nyeusi nyuma yake na ilinasa mawimbi ya mnara uliosimikwa mjini. Mtaani kwetu hapakuwa na nyingine. Watu walikuja kuitazama, wakaja kupiga, wakaja kupigiwa, na kila mmoja aliacha kitu kwenye mkonga: pumzi ya pombe, mate, harufu ya usipa, dagaa wa ziwani kwetu, waliotoka kuanika. Mimi niliufuta kwa fulana kabla ya kuugusa. Baba alisema najitia Mzungu.

Wiki ya pili panya walitafuna waya wa chaja. Ulikuwa msimu wa mavuno na sebule nzima ilijaa magunia ya mpunga, kwa hiyo panya walikuwa wamenenepa na hawakuogopa mtu. Baba akaapa kwamba simu haitalala nje tena. Akaita seremala, akatengenezewa kasha la mvule lenye kifuniko cha bawaba, na seremala alipoondoka akamwita fundi bati. Yule fundi alipasua madebe ya mafuta ya kula, akayanyoosha kwa nyundo, akalipiga bati kasha lote kwa ndani, ubavu kwa ubavu, chini na kwenye kifuniko. Panya ambaye angelitafuna lile kasha angeacha meno yake pale. Antena haikuenea, wakaipinda. Waya wa chaja ulipitishwa kwenye tundu la nyuma na kugongewa misumari usichomoke. Mama alifuma kitambaa cheupe cha kutandika juu. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kusalimia aliombwa atie sala, akatia.

Kisha likaja kufuli, na ufunguo wake baba aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila alipotaka kufungua aliuvuta kutoka kifuani ukiwa umelowa jasho, akaupangusa kwenye suruali, akainama huku akipumua kwa kishindo. Wageni walingoja. Nilichukia namna alivyokuwa akiwatazama kwanza kabla ya kuinua kifuniko, kuhakikisha kwamba wote wanaona.

Tangu siku ile simu ikaanza kufa. Baba akiifungulia asubuhi iliita. Akifunga kasha na kuondoka, aliyepiga aliambiwa kwamba namba anayopiga haipatikani. Mnunuzi wake alituma mtu kuja kulalamika. Baba alisema ni mvua, na kwa kuwa Kyela mvua haikosi sababu ya kunyesha, uongo huo ulimfaa kwa miezi. Alipochoka na mvua alilaumu mnara. Alipochoka na mnara alilaumu watu wa Malawi, sijui kwa lipi.

Jibu lilikuja lenyewe na akalikataa. Panya walipotafuna kifuko cha redio yake, aliitia redio nayo kashani ikiwa inaimba kwaya. Akashusha kifuniko. Kwaya ikageuka mchanga, kisha ikazimika. Akafungua, kwaya ikaendelea. Akafunga, kimya. Mama, aliyekuwa akipeta mchele mlangoni, akamwambia bati ndilo linaloziba. Alikuwa na chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Ikombe alichonunua soko la Lyulilo, wanakoteremshia vyungu kutoka kwenye mitumbwi, na ndani yake aliweka mbegu zake mbali na panya. Akamwaga mbegu kwenye ungo, akaichukua redio kutoka kashani, akaitia chunguni, akafunika kwa kifuniko chake cha udongo. Kwaya iliendelea kuimba mle chunguni bila kupungua hata kidogo. Tulikuwa watatu pale na sote tulisikia. Baba akasema, "Simu si mboga." Akaenda kununua betri mpya za redio.

Basi kasha likabaki, na kwa kuwa lilikuwa mahali pekee pasipofikiwa na panya, baba akaanza kulitilia kila alichokipenda. Alitia sukari yake ndani ya mfuko wa nailoni. Alitia biskuti, pipi za kifua alizozitafuna nusu na kuzirudisha kwenye karatasi, na kipande cha mkate wa arusi ya mtu. Panya hawakufika, lakini tundu la waya lilitosha mende, na chaja ilikuwa ikitoa joto mchana na usiku. Siku ya kwanza niliyowaona niliinuliwa kifuniko nipokee simu ya mtu, nikanyanyua mkonga, na kitu kikavu chenye miguu kikatoka kwenye matundu ya kusikilizia na kunipitia shavuni. Nilitapika uani. Kuanzia hapo niliota mende, niliwasikia sikioni nikiwa mezani, na nilimchukia baba kwa kuwafuga. Yeye aliwapuliza tu kwa mdomo kutoka kwenye biskuti zake, akala.

Sasa mke wa kaka. Kaka alikuwa Mbeya kwenye gereji, anakuja mwisho wa mwezi, na shemeji aliishi kwetu katika kijumba cha nyuma. Alikuwa wa kutoka Karonga, upande wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ambako lugha yao na yetu zinasikilizana bila shida. Alimheshimu baba kwa namna ya zamani, ile ya mkamwana kutoonana na baba mkwe. Wasichana wengi wa wakati ule walikuwa wameshaiacha na makanisa hayakuidai, lakini baba aliitaka, na yeye alikuwa amelelewa hivyo. Baba akikohoa njiani, shemeji alijivika kitenge kichwani na kuingia migombani hadi apite. Hakulitamka jina lake. Sebuleni hakukanyaga, wala hakuchungulia.

Ndugu zake walipopiga kutoka Karonga tulikuwa na utaratibu wetu. Baba alitoka kwa mlango wa mbele. Mimi niliuchukua mkonga, nikauvuta waya wake wa kujisokota hadi mwisho, nikaupitisha dirishani. Shemeji alisimama nje chini ya dirisha, ambalo lilikuwa juu ya kichwa chake, akaupokea kwa mikono miwili na kushukuru, "Ndaga, shemeji." Kisha akaongea na mama yake huku ameegemea ukuta, akicheka. Ndicho kitu pekee kizuri nilichopata kukiona kikitoka kwenye lile kasha.

Alipojifungua mtoto wa kike, mama yake alikuwa hospitali huko Karonga, amelazwa, na habari zake zilizidi kuwa mbaya. Shemeji hakuweza kusafiri na kichanga cha siku tisa. Asubuhi moja mjomba wake alibahatika kutupata. Alisema Jumamosi, kuanzia saa sita mchana, atakuwa kando ya kitanda na simu ya mkononi aliyoazima. Mgonjwa hakuwa na mengi ya kusema. Alitaka kumsikia mjukuu wake akilia.

Jumamosi hiyo baba alikuwa na kakao ya kupokea Ipinda. Kabla ya kuondoka aliniita sebuleni. Akaivua ile kamba shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaniwekea ufunguo kiganjani ukiwa na unyevu na joto la kifua chake. Nilijikaza nisiufute mbele yake. Akaniambia, "Leo kasha libaki wazi mpaka mkwe wangu aongee na mama yake. Usilifunge." Hakueleza zaidi. Alikuwa amejua siku zote habari ya lile bati. Alipanda baiskeli na kuondoka, na mama akaenda mtoni na nguo za mzazi.

Saa tano shemeji alitandika mkeka chini ya dirisha, akakaa na mtoto. Nilimsikia akimwimbia. Nilifungua kufuli, nikainua kifuniko.

Sitawapamba. Mfuko wa sukari ulikuwa umepasuka, sukari imeyeyuka kwa joto la chaja na kuganda juu ya simu kama gundi ya kahawia, na juu ya gundi hiyo walijaa mende. Walikuwapo wakubwa wa rangi ya tende, wapo wadogo weupe waliotoka kujivua magamba, na mayai yao yamebandikwa pembeni mwa namba. Mwanga ulipowafikia walimwagika. Walishuka mezani, wakapanda kitambaa cha mama, wakanipanda mkononi. Mmoja aliingia ndani ya mkono wa shati na kupanda hadi kwapani. Nilirarua vifungo, nikamkung'uta, nikamkanyaga kwa mguu mtupu, na ule ute wake ukabaki kati ya vidole vyangu. Nilishusha kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Nilijiambia ni kwa dakika moja tu, hadi nipate mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayakuwapo ndani. Nikaenda dukani, nikarudi, na niliporudi nikasimama mbele ya kasha nikiwa na chupa mkononi na mkono haukukubali. Niliwasikia mle ndani wakikwaruza bati. Nikatoka nikakaa barazani. Nikajiambia simu ikiita nitaisikia, kana kwamba sikuwa nimeisikia kwaya ikizimika kwa masikio yangu mwenyewe. Nikajiambia pia kwamba yale madebe yana nafasi kwenye maungio, na mawimbi ni kitu chembamba. Mtu akitaka kujidanganya hakosi elimu.

Saa sita ikapita. Saa saba, shemeji akaniuliza kutoka nje, kwa upole, bila kuchungulia, "Shemeji, kasha liko wazi?"

Nikamjibu, "Liko wazi."

Saa nane akaniuliza kama mtoto anyonyeshwe au aachwe kwanza, kwa sababu akishiba atalala na hatalia. Nikamwambia amwache kwanza. Mtoto akalia kwa njaa karibu saa nzima chini ya lile dirisha, kwa sauti kubwa, na hakukuwa na mtu wa kumsikia ila mimi. Saa tisa shemeji alimnyonyesha, akakunja mkeka wake, akaenda kijumbani.

Baba alirudi jua likiwa bado juu ya migomba. Aliingia sebuleni na kumkuta mende aliyekanyagwa sakafuni, chupa ya mafuta ya taa, na kasha limefungwa, ufunguo unaning'inia kwenye kufuli. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwambia simu haikuita. Akauchukua ufunguo na kuuvaa.

Habari ililetwa Jumatatu na mama mmoja mchuuza vitenge aliyevuka mpaka wa Kasumulu asubuhi. Mgonjwa alifariki Jumamosi jioni na amekwisha kuzikwa. Mjomba alipiga tangu saa sita hadi saa tisa na kila mara aliambiwa haipatikani. Yule mama hakuwa na ubaya, alikuwa anafikisha alichotumwa, lakini alimalizia kwa kusema kwamba marehemu aliuliza kama mkwe wa binti yake ndiye asiyetaka apigiwe. Wanawake waliokuwa wamekimbilia kilio wakatazamana, na mmoja akatamka neno ufunguo.

Shemeji aliinuka. Alimpa mama mtoto, akavuka uwanja bila kitenge kichwani, akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea kwa sababu ya magunia, akabaki amekaa na macho yake sakafuni. Nami nilikuwapo, kando ya dirisha. Hiyo ndiyo mara pekee niliyowaona hao wawili katika chumba kimoja.

"Tata," akasema, "kasha lilikuwa limefungwa?"

Baba akajibu bila kuinua macho. "Nililifunga mimi, kabla ya kuondoka. Nimezoea. Huyu hakujua."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nakumbuka ilikuwa ndefu, kwa sababu shemeji hakuondoka papo hapo. Alilisogelea kasha, akanyoosha mkono, na baba akavua kamba na kumpa ufunguo bila kumgusa. Akafungua. Wakamwagika kama walivyonimwagikia mimi, wakampanda hadi viwiko. Hakuwakung'uta. Alichomeka mikono yake yote miwili kwenye ule uchafu, akang'oa waya pamoja na misumari yake, akaitoa simu nje na kuiweka dirishani, sukari ikimchirizika. Kisha akamwita mama amsogezee kile chungu, kwani mama alikuwa amemsimulia ya redio.

Simu ilikaa chunguni hadi ilipochakaa, imechomekwa na kufunikwa kwa udongo wa Ikombe, na hata siku moja haikukosa kupatikana. Panya hawakuifikia. Kasha lilipasuliwa kuni, na mabati yake baba aliyatupa mwenyewe mtaroni.

Miaka mingine aliyoishi, mtaa mzima ulimjua kwa hilo. Shemeji hakumkosea adabu, chakula chake kilipelekwa kwa wakati, lakini mtoto alipoanza kutembea hakutumwa kwa babu yake. Binti alikua akimwona kwa mbali, naye alikua akiambiwa kwa nini. Mara moja tu, baba akiwa anaumwa, nilijaribu kumwambia. Nilifika kwenye mende, nikasita. Akaniambia, "Wale mende walikuwa wangu." Akageukia ukutani na kulala.

Nimewahi kuona kinyaa cha kila aina tangu siku ile, na nimegundua kwamba mende hawanisumbui tena sana. Huwaua kwa kandambili nikaendelea kula. Ninachoshindwa kukimeza ni sauti yangu mwenyewe ikisema liko wazi, tena kwa upole, kama mtu mwema.

Binti aliitoa ruta kabatini. Akaiweka juu ya rafu karibu na dirisha, akapima mawimbi kwa simu yake chumba kwa chumba, akarudi akiwa ameridhika. Akakaa mkabala nami na kuniuliza kama ni kweli babu yake alikuwa na roho mbaya kiasi kile, hadi kumnyima mtu sauti ya mwisho ya mama yake kwa ajili ya kufuli.

Nilimjibu kwamba mzee alikuwa na mambo yake, kisha nikamwomba aniletee chai.